Mota ipi ya kuanzia? Mwongozo wa kuchagua daraja la mbio za gari za rimoti

Maswali ni yaleyale, sura tu ndizo zinazobadilika. "Kati ya 17.5 na 13.5 ipi kali?" "Nimeona mota ya 4300Kv mtandaoni, bei nzuri, niichukue?" "Mbona gari yangu imekataliwa mstarini na ndiyo iliyokuwa ikikimbia kuliko zote?" Namba 17.5 na 13.5, zinazoandikwa pia 17.5T na 13.5T, ni idadi ya mizunguko ya waya ndani ya mota; Kv nitaieleza mbele. Huyu wa tatu kajijibu mwenyewe. Kwenye mbio za klabu mnashindana ndani ya daraja, na daraja ni mapatano ya kutumia mota za nguvu moja ili ionekane nani anajua kuendesha na nani anajua kutengeneza gari yake. Ukija na mota inayowaacha wote, umejitoa mwenyewe kwenye mashindano.

Visiwani jambo hili lina uzito wake. Mota ikiungua Jumamosi jioni, hakuna duka la kukimbilia Darajani wala Chake Chake. Unaagiza, unangoja mzigo. Kwa hiyo ushauri wangu wote humu unaegemea kwenye mota ya bei nafuu, ya mwendo wa kawaida, ambayo na wenzako wanayo. Wapenda kasi watanisamehe.

Nazungumzia gari za umeme za kipimo cha 1/10 peke yake, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi. Za mafuta zina mambo yake.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Gari ya 1/10 inayopokea mota ya saizi 540. Hiyo ni mota yenye kipenyo cha kama milimita 36 na urefu wa kama milimita 50.
- Betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli mbili, inayoandikwa 2S, ya ganda gumu. Voti zake ni 7.4, ikijaa 8.4.
- Chaja inayosawazisha seli. Ile chaja ndogo inayokuja na boksi la gari ni ya betri za zamani za NiMH. Usiichomeke kwenye lipo hata kwa kujaribu.
- Kipimajoto cha kulenga, kile cha umbo la bastola.
- Bisibisi za pembe sita za milimita 1.5, 2 na 2.5, na pasi ya lehemu ya wati 60 au zaidi.
- Pinioni, yaani gia ndogo inayokaa kwenye shafti ya mota, tatu au nne zinazopishana jino moja moja.
- Daftari na kalamu.

Mota haimo kwenye orodha hii, na nimeiacha makusudi. Usiinunue bado.

Hatua kwa hatua

1. Nenda kiwanjani mikono mitupu. Kaa jioni moja baada ya Alasiri, tazama gari zikikimbia, kisha uliza wenye gari swali moja tu: "Umefunga mota gani?" Andika. Wakiwa wanane na sita kati yao wana 17.5T, basi daraja lako ni 17.5T, mjadala umekwisha. Haijalishi umesoma nini wala umeona video gani. Daraja zuri ni lile lenye watu mstarini.

Uliza namba, usiulize jina. Jina "stoki" linawachanganya wengi: Marekani, ROAR, shirika linalosimamia mbio hizi, huliweka kwa 17.5T, na 13.5T wanaiita "super stock", wakati Ulaya yako mashindano ambayo stoki yao ni hiyohiyo 13.5T. Mtu akikwambia "sisi twakimbiza stoki", mjibu: "Ya mizunguko mingapi?"

2. Pima kiwanja. Watu hupuuza hatua hii, na ndiyo inayoamua mambo mengi. Chukua kiwanja cha saruji cha mpira wa kikapu, ambacho wengi wetu ndicho tunachokipata: urefu mita 28, upana mita 15. Ukitoa nafasi ya kuzungukia kona, mnyooko wako, yaani sehemu iliyonyooka, unabaki kama mita 20. Gari ikienda kilomita 40 kwa saa inakata mita 11 kwa sekunde, basi mnyooko wote huo unaisha kabla ya sekunde mbili. Mota ya 13.5T hapo utaikamua nusu ya trigi ya rimoti, halafu unafunga breki. Nguvu umeilipia na huitumii.

Kipimo changu cha haraka: mnyooko ukiwa chini ya mita 25, kaa kwenye 21.5T au mota ya brashi (ile yenye vipande vya kaboni vinavyogusa na kupeleka umeme ndani). Kati ya mita 25 na 40, 17.5T inatosha na kubaki. Ukizidi hapo na lami ikiwa safi, ndipo 13.5T inapoanza kuwa na maana.

Angalia na sakafu. Saruji yenye mchanga mweupe juu yake inateleza hata kama kiwanja ni kikubwa, na kasi isiyoshika chini ni kazi bure. Fagieni kwanza, ndipo mbishane kuhusu mota. Pemba, ambako ardhi ya udongo ni nyingi kuliko saruji, gari za bagi (buggy, za kukimbilia udongoni) ndizo zenye nafasi zaidi. Kwa bagi, mazoea ya klabu nyingi za nje ni 17.5T kwa bagi ya kuvuta kwa tairi mbili na 13.5T kwa ya tairi nne.

3. Chagua daraja. Nadharia ya kujua ni hii tu: herufi T ni idadi ya mizunguko ya waya ndani ya mota. Mizunguko ikipungua, mota inazunguka kasi zaidi, inakula umeme zaidi na inapata joto zaidi. Kwa hiyo 13.5T ni kali kuliko 17.5T, na 17.5T ni kali kuliko 21.5T. Namba ndogo, mota kali.

*Mota ya brashi ya 540.* Ni lile kopo la rangi ya fedha linalokuja ndani ya boksi la gari nyingi za kampuni ya Tamiya. Ni ya bei ndogo na haihitaji kidhibiti mwendo cha gharama. Kama klabu yenu ni mpya na wengi wana gari za boksi, anzieni hapa, tena bila kuona haya. Ubaya wake ni mmoja: kopo limefungwa, brashi zikila huwezi kubadilisha, unatupa mota nzima. Pia mbili zilizotoka kiwanda kimoja hazilingani sawasawa, na mwenye pesa anaweza kununua tano akachagua moja. Dawa yake nimeiweka kwenye sehemu ya waandaaji.

*21.5T isiyo na brashi.* Hii ndiyo ningempa mtu anayeanza leo na anayetaka kununua mara moja. Haina brashi za kula, haipati joto ovyo, na betri moja inakufikisha mwisho wa mbio ukiwa na akiba. Wanaoidharau ni wale ambao hawajamaliza dakika tano bila kugonga ukingo.

*17.5T.* Ni moja ya madaraja yenye watu wengi, na sababu ipo: linafundisha. Nguvu si nyingi, kwa hiyo ukikosea kona unaiona hasara yake mnyooko mzima. Kama wenzako wako hapa, njoo hapa.

*13.5T.* Ya mtu mwenye msimu mmoja au miwili nyuma yake, na kiwanja kikubwa. Tairi zinaisha haraka, gia zinakwanguka, na kila mgongano unavunja kitu.

*Modifaidi, yaani mota huru.* Mizunguko minne, mitano, yoyote. Visiwani sijaona kiwanja chake. Pita.

Sasa lile swali la 4300Kv. Kv ni mizunguko ya shafti kwa dakika kwa kila voti moja, na seti za bei rahisi zilizoandikwa 3650 na namba ya Kv mara nyingi hazina sensa, kile kifaa kinachokiambia kidhibiti mwendo shafti iko wapi. 3650 ni saizi ya kopo tu: milimita 36 kwa 50. Mota hizo ni nzuri kwa kuchezea ufukweni, lakini haziingii daraja lolote linalohesabu T. Ukinunua hiyo kwa ajili ya klabu, utakuwa mtazamaji mwenye gari.

4. Soma kanuni, hata kama ni karatasi moja. Mambo matano lazima yawe wazi kabla hujatoa pesa: mota ya T ngapi, betri ya voti ngapi, kidhibiti mwendo kiwe katika hali gani, gia ni huru au zimefungwa, na tairi ni zipi.

La tatu ndilo wageni huanguka nalo. Vidhibiti vya kisasa, hizi ESC, vinaweza kuisogezea mota taimingi (wakati wa kupeleka umeme kwenye nyaya zake) kwa programu, na mota ya 17.5T ikasogezewa hivyo inakimbia kama ya daraja la juu. Kwa hiyo madaraja ya 21.5T na 17.5T karibu yote yanadai hali ya "blinki": taimingi ya programu iwe sifuri, na taa ya kidhibiti iwe inawakawaka kumwonesha mkaguzi. Kidhibiti kisicho na hali hiyo, hata kiwe kizuri vipi, hakikufai.

5. Nunua mota na kidhibiti kwa pamoja. Vyote viwe vya sensa, na kidhibiti kiwe na uwezo uliozidi mota yako. Watengenezaji huandika kikomo, kwa mfano "8.5T na kuendelea", maana yake hubeba 8.5T na zote zenye mizunguko mingi zaidi. Kama unaanza na 21.5T, chukua kidhibiti kinachobeba hadi 10.5T au chini yake; siku ukipanda daraja unabadilisha mota tu.

Kama klabu inafuata orodha ya mota zilizoidhinishwa, ya ROAR au ya BRCA, chama cha mbio hizi cha Uingereza, itafute mota yako humo kwa jina lake kamili. Toleo jipya la mota ileile huenda halijaingia.

Agizeni kwa pamoja. Watu wanne wakiagiza mzigo mmoja, gharama ya usafiri na usumbufu wa ushuru vinagawanyika. Ombeni risiti yenye bei halisi, itawapunguzia maneno bandarini.

Betri ni habari nyingine. Anayekuja kwa ndege asiweke lipo ya akiba kwenye begi la kupakiwa chini. Inatakiwa ibebwe mkononi, ncha zake zimezibwa kwa utepe. Lipo ya 7.4V yenye mAh 5000 ni Wh (wati-saa) 37, chini kabisa ya kikomo cha Wh 100 cha mashirika ya ndege, ila wengine wana masharti ya ziada, kwa hiyo uliza kabla ya safari.

6. Funga mota, hesabu gia. Hapa mota nyingi hufa, na wenyewe husema "ilikuwa feki".

Gawanya meno ya gia kubwa kwa meno ya pinioni, kisha zidisha kwa uwiano wa ndani wa gari, ambao umeandikwa kwenye kitabu chake. Chukua Tamiya TT-02, gari ambayo wengi huanza nayo: gia kubwa meno 70, pinioni meno 22, uwiano wa ndani 2.6. Sabini gawanya kwa 22 ni 3.18, mara 2.6 ni 8.27. Maana yake mota inazunguka mara 8.27 ili tairi izunguke mara moja. Ukiweka pinioni ya 23 unapata 7.91, gari inaongeza kasi ya mwisho na mota inafanya kazi zaidi. Ukiweka ya 21 unapata 8.67, gari inachomoka vizuri kwenye kona na mota inapumua.

Pinioni kubwa, joto kubwa. Hilo likumbuke kuliko hesabu yenyewe.

Kitabu cha mota kina jedwali la uwiano wa kuanzia. Anza na pinioni yenye meno mawili pungufu ya inayopendekezwa, maana jedwali hilo halikuandikwa likifikiria joto la mwezi wa Februari Unguja. Usiige gia za mwenye mota tofauti: 17.5T hupewa uwiano mdogo, 13.5T mkubwa zaidi. Anayehama kutoka 17.5T kwenda 13.5T akaacha gia zilezile anaunguza mota siku hiyohiyo.

Baina ya pinioni na gia kubwa pitisha kipande cha karatasi ya daftari unapokaza skrubu. Karatasi itoke imekunjika bila kuchanika. Ikichanika umebana, ikitoka imenyooka umelegeza, na gia itakatika meno.

7. Kimbiza dakika mbili, simama, pima. Lenga kipimajoto kwenye kopo la mota, karibu na katikati. Chini ya nyuzi 60, uko salama na unaweza kuongeza jino moja. Kati ya 60 na 75, acha hapohapo. Ikizidi 75 punguza jino na usubiri ipoe. Joto likizidi sana sumaku za ndani zinadhoofika, na zikishadhoofika hazirudi. Mota itaendelea kuzunguka lakini utashangaa kila mtu anakupita mnyookoni. Huna kipimajoto? Weka kidole. Usipoweza kukishikiza kwa sekunde tatu, simamisha.

Kisha kimbiza dakika tano kamili, maana mbio nyingi za umeme ni dakika tano, na upime tena. Andika kwenye daftari: tarehe, pinioni, joto la mota, hali ya sakafu. Baada ya mwezi daftari hilo litakujibu maswali ambayo leo unaniuliza mimi.

8. Peleka ukaguzi, uingie mstarini. Mkaguzi ataangalia namba ya mota, voti za betri (isizidi 8.4) na taa ya kidhibiti. Mpe gari ikiwa imefunguliwa bodi, usimsubirishe.

Kwa wanaoanzisha klabu

Madaraja mawili yanatosha, na kama hamjafika kumi wekeni moja. Nimeona kundi la watu tisa likijigawa madaraja manne. Kila mbio ilikuwa na gari mbili, na baada ya muda hakuna aliyekuja.

Mkiweza, changieni mota za klabu. Mnanunua mota za brashi za 540 kwa idadi ya washiriki na mbili za ziada, mnaziandika namba kwa rangi, na asubuhi ya mashindano kila mmoja anachota yake kwa kura. Jioni zinarudi kwenye boksi. Mwenye mota "maalumu" anakosa pa kuitumia, na kijana wa skuli anakimbia sawa na mwenye duka. Kwa pesa ile, hakuna kanuni inayoleta usawa kuliko hiyo. Mwezi wa Ramadhani mnaweza kukimbiza baada ya tarawehe chini ya taa, lakini hakikisheni jirani wamekubali.

Makosa yanayorudiwa

Kuchaji lipo juu ya mkeka au godoro. Chaji juu ya saruji tupu, betri ikiwa ndani ya chungu au sufuria isiyofunikwa kwa kubana, na usiondoke. Betri ya mAh 5000 ichaji kwa ampea 5, si zaidi, na umeme ukikatika katikati usianze tena kabla hujasoma voti za kila seli.

Kuweka betri imejaa wiki nzima. Ishushe hadi voti 3.8 kwa kila seli kwa hali ya kuhifadhi ya chaja. Ikivimba, haina dawa.

Kutumia kidhibiti cha boksi na lipo bila kuangalia kama kina kikomo cha voti. Kisipokuwa nacho kitaimaliza betri hadi ife. Funga king'ora kidogo cha lipo kwenye waya wa kusawazisha.

Kugeuza taimingi iliyo nyuma ya mota kwa kuwa fulani amegeuza. Iache ilivyotoka kiwandani msimu wa kwanza.

Ikigoma

*Mota inatetemeka badala ya kuondoka.* Kagua waya wa sensa, ule mwembamba wenye nyaya sita. Mara nyingi umechomoka nusu au umekatika ndani karibu na plagi. Uwe na wa akiba siku zote, ni rahisi mno.

*Umebadilisha mota, gari inaenda kinyume.* Mota ya brashi: geuza nyaya mbili, basi. Mota ya sensa: usiguse nyaya. A iende A, B iende B, C iende C. Ukizichanganya unaweza kuunguza kidhibiti. Mwelekeo unabadilishwa ndani ya mipangilio.

*Gari inazima katikati ya mbio kisha inarudi.* Ama kidhibiti kimepata joto, ama betri imefika kikomo. Gusa vyote viwili papo hapo kabla havijapoa. Kikiwa cha moto ni kidhibiti, weka feni na upunguze jino la pinioni. Vyote vikiwa baridi, tazama lehemu ya plagi: iliyofifia na yenye vidonge haijashika. Fundi redio yeyote wa mjini ataichoma upya kwa dakika chache kama pasi yako ni ndogo.

*Taa haiwakiwaki.* Kuna taimingi au busti (nyongeza ya taimingi) imebaki kwenye programu ya kidhibiti. Rudisha mipangilio ya kiwandani, chagua hali ya sifuri, kisha zima na uwashe.

*Mwezi uliopita ilikimbia, leo nzito.* Ondoa pinioni na uzungushe shafti kwa vidole. Ikikwaruza ni beringi, na kwetu sababu ni hewa ya chumvi, hasa kwa wanaokimbiza karibu na pwani na wakati wa masika. Futa gari kwa kitambaa kikavu kila ukirudi, tia tone moja la mafuta mepesi kwenye beringi za mota, moja tu, na uihifadhi kwenye boksi lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Beringi zikishakwaruza badilisha zote mbili kwa pamoja. Ni kazi ya skrubu chache, na mota inarudi ilivyokuwa.